Mpaka wa Tunduma na Maana ya Dola, Serikali na Sheria

Mwanafunzi anayeanza kusoma elimu ya sheria na utawala hukutana mapema na maneno machache ambayo watu wote huyatumia, na wachache huyapambanua: nchi, dola, serikali, mamlaka, sheria na haki. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hupishana bila madhara makubwa. Mtu husema serikali akakusudia dola, au husema sheria akakusudia amri ya mkubwa. Lakini katika elimu, kuchanganya maneno ni kuchanganya mambo yenyewe. Na katika maisha ya raia, asiyejua tofauti iliyopo kati ya amri na sheria hana la kusema siku anapodhulumiwa. Insha hii yakusudia kuyaeleza maneno hayo kwa mfano wa mahali pamoja, ambapo historia imeyaweka wazi kuliko mahali pengi katika Tanzania. Mahali hapo ni Tunduma.

Mji wa Tunduma uko katika pembe ya kusini magharibi ya Tanzania, katika Mkoa wa Songwe. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapo kuingia Zambia, na reli ya TAZARA vile vile. Ng'ambo ya mpaka upo mji wa Nakonde, na mgeni asiyeonyeshwa bango wala kizuizi angeweza kudhani kuwa miji hiyo miwili ni mji mmoja. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili. Lugha yao ni moja, na koo zao ni zile zile. Mashariki zaidi, katika Wilaya ya Ileje, Walambya nao wamegawanywa na Mto Songwe, baadhi yao wakiwa Tanzania na wengine Malawi. Yafaa msomaji akumbuke kuwa katika nchi hii iko mito miwili yenye jina la Songwe: mmoja huelekea Ziwa Rukwa, na wa pili huingia Ziwa Nyasa. Mpaka unaozungumzwa hapa hufuata huu wa pili.

Mstari uliowagawa watu hao ulichorwa Berlin. Tarehe 1 Julai 1890 wajumbe wa Uingereza na Ujerumani walitia saini mkataba ambao kwa huo Wajerumani walikipata kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, nao Waingereza wakatambuliwa kuwa walinzi wa Zanzibar. Katika mkataba huo huo yaligawanywa maeneo ya dola hizo mbili katika Afrika ya Mashariki. Kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika mpaka ulielezwa hivi: upande Mto Songwe kutoka ziwani, kisha uelekee kwenye ukingo wa bonde la Mto Kongo, uufuate ukingo huo, na mwishoni ushuke na Mto Kilambo mpaka Ziwa Tanganyika. Ukingo huo ni mahali maji yanapoachana. Ya upande mmoja huteremka kuelekea Rukwa, na ya upande wa pili huingia Mto Chambeshi na hatimaye Kongo. Waingereza walitaka pia ile njia iliyoitwa Barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuyaunganisha maziwa hayo mawili, ibaki kusini ya mpaka, yaani katika upande wao.

Maji, basi, yalihesabiwa, na barabara ilihesabiwa, watu hawakuhesabiwa. Mkataba ulikuwa na kifungu kilichosema kuwa mipaka yaweza kurekebishwa kwa maafikiano ya dola hizo mbili kwa kadiri ya mahitaji ya mahali. Tume ya pamoja ilipima nchi hiyo mwaka 1898, na maafikiano juu ya mstari wenyewe yakatimizwa mwaka 1901. Hata hivyo, mahitaji ya mahali yalipimwa na wapimaji waliotoka mbali. Wenyeji wa mahali hawakuwa na kiti katika tume hiyo.

Hapa ndipo swali la kwanza la elimu ya sheria linapozuka. Je, mstari huo ulikuwa sheria? Kwa dola mbili zilizoutia saini, ndiyo: ulikuwa mapatano, na kila moja ilijifunga kwa mwenziwe. Kwa Mnyamwanga aliyeamka akakuta shamba lake liko kwa Wajerumani na kaburi la babu yake liko kwa Waingereza, ulikuwa amri tu. Amri ni neno la mwenye nguvu kwa asiye nayo. Sheria huwa na sifa zaidi: hutoka kwa mwenye mamlaka yanayotambulika, huwahusu watu wote walio katika hali moja, hutangazwa ili ijulikane, na humfunga hata yule aliyeitunga. Amri yaweza kuwa na sifa moja au mbili katika hizo. Ikikosa ile ya mwisho, mtawaliwa hana mahali pa kushika.

Utawala wa Wajerumani ulionyesha jambo hilo kwa uwazi. Sehemu kubwa ya nchi hii ilitazamwa na boma la Neu-Langenburg, ambalo leo ni Tukuyu. Kwa agizo la mwaka 1896, mkuu wa boma alipewa uwezo wa kuwahukumu Waafrika katika makosa ya jinai, na adhabu zilizotajwa zilikuwa pamoja na viboko, faini, minyororo na kifo. Mkuu huyo huyo ndiye aliyekuwa na askari, na ndiye aliyesimamia kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898. Mtu aliyeshindwa kulipa alikamatwa na watu wake, akahukumiwa naye, na adhabu ikatolewa kwa amri yake. Wanafunzi husoma vitabuni kuwa mamlaka ya dola hugawanyika katika mihimili mitatu: Bunge hutunga sheria, Serikali huitekeleza, na Mahakama huitafsiri na kutoa haki. Wengine huona kuwa mgawanyo huo ni mpango wa kurahisisha kazi tu. Aliyepelekwa bomani kwa ajili ya kodi angewaeleza vingine. Mshitaki, hakimu na mtekelezaji wakiwa mtu mmoja, mshitakiwa hana wa kumlilia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipita katika nchi hii yenyewe. Mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck liliishambulia Fife, boma la Waingereza lililokuwa karibu na mpaka, kisha likasonga mbele katika Rhodesia ya Kaskazini. Tarehe 25 mwezi huo lilisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Wajerumani wakaondoka. Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirika la Mataifa, na mwaka 1946 ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa.

Kwa hiyo pande zote mbili za Tunduma zikawa chini ya mfalme mmoja. Mtu angetazamia kuwa mpaka uliowekwa ili kuwatenganisha Wajerumani na Waingereza ungefutika, maana sababu yake imekwisha. Haukufutika. Upande wa kaskazini ulikuwa na gavana wake Dar es Salaam. Upande wa kusini ulitawaliwa na Kampuni ya Uingereza ya Afrika ya Kusini hata mwaka 1924, kisha nao ukapata gavana wake. Mfalme alikuwa mmoja, lakini serikali zilikuwa mbili, kodi mbili, na vitabu vya sheria viwili. Hapa mwanafunzi ataona kuwa mamlaka ya sheria hufuata eneo. Aliyetenda jambo upande wa Tunduma alihukumiwa kwa sheria za Tanganyika. Aliyevuka hatua chache aliingia katika sheria nyingine, ijapokuwa picha ya mfalme iliyotundikwa ukutani ilikuwa ile ile. Ataona pia kuwa serikali huondoka na eneo likabaki. Wajerumani, maofisa wa kijeshi wa Kiingereza na magavana wa udhamini walipishana, lakini nchi iliyoainishwa kwa mipaka ile iliendelea kuhesabiwa kuwa nchi moja.

Waingereza waliweka Mahakama Kuu mwaka 1920, na sheria za Uingereza zilizokuwa zikitumika tarehe 22 Julai ya mwaka huo zikaingizwa katika Tanganyika kwa kadiri hali ya nchi ilivyoruhusu. Lakini haki hiyo ilikuwa na milango miwili. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, iliwafanya machifu kuwa viungo vya serikali. Na sheria ya mwaka 1929 ikaziondoa mahakama za wenyeji katika uangalizi wa Mahakama Kuu. Rufani zilikwenda kwa maofisa wa utawala, na mwisho wake ulikuwa kwa gavana. Basi Mwafrika aliyeona kuwa ameonewa na utawala alipeleka malalamiko yake kwa utawala ule ule. Uchifu nao uligeuka. Chifu wa kale aliogopa lawama za wazee na ukoo. Chifu wa serikali alikuwa na mshahara na kazi ya kukusanya kodi, na aliyeweza kumwondoa alikuwa bomani.

Isidhaniwe kuwa watu wa mpakani walinyamaza. Karibu na Nakonde ipo misheni ya Mwenzo, iliyoanzishwa na Waskoti. Huko, mwaka 1912, walimu Waafrika, miongoni mwao Donald Siwale na David Kaunda, ambaye baadaye alikuwa baba wa Rais Kenneth Kaunda, waliunda Chama cha Ustawi cha Mwenzo, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha namna yake katika Rhodesia ya Kaskazini. Kilififia, kikafufuliwa mwaka 1923, na suala la kodi lilikuwa miongoni mwa mambo kiliyoyasemea. Walimu hao hawakuwa na jeshi wala kura. Walikuwa na hoja, kwamba anayetozwa ana haki ya kusikilizwa. Hoja hiyo ndiyo msingi wa neno ridhaa, na bila ridhaa utawala hubaki kuwa nguvu tu.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Wanasheria husema kuwa dola huhitaji mambo manne: watu, eneo, serikali, na uwezo wa kufanya mapatano na dola nyingine. Ndivyo ulivyoandika mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933. Tanganyika sasa ilikuwa na yote manne, na likaja swali zito: dola mpya ifanye nini juu ya mapatano iliyofanyiwa na mtawala wake wa zamani? Julius Nyerere alitoa jibu ambalo wanasheria wa dunia hulitaja mpaka leo. Mikataba ya namna hiyo ingeendelea kwa muda wa miaka miwili, ili ipimwe mmoja mmoja; usioafikiwa tena ungekoma, ila ile ambayo sheria ya mataifa yenyewe huihifadhi. Mipaka haikuingizwa katika kundi la mambo ya kukoma kwa kupita muda. Na katika Julai 1964, wakuu wa nchi huru za Afrika walipokutana Cairo, Nyerere alikuwa mstari wa mbele kuunga mkono azimio la kuiheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru. Rhodesia ya Kaskazini ilipokuwa Zambia, tarehe 24 Oktoba 1964, mpaka wa Tunduma ukawa mpaka wa nchi mbili huru.

Wako wanaolaumu uamuzi huo, wakisema kuwa Waafrika waliibariki kazi ya Berlin. Lawama hiyo ina uzito, kwa maana Wanyamwanga hawakuulizwa mwaka 1890 wala hawakuulizwa mwaka 1964. Lakini sharti ipimwe na hatari iliyokuwapo. Kama kila kabila lililogawanywa lingedai kuunganishwa kwa kuusogeza mpaka, mipaka michache mno ya Afrika ingesalimika, na madai hayo yangeamuliwa kwa bunduki. Tofauti kati ya tarehe hizo mbili iko kwa aliyeamua na kwa kile alichojifunga nacho. Mwaka 1890 wageni waliamua juu ya wengine. Mwaka 1964 viongozi wa nchi huru walijifunga wenyewe, na waliojifunga wanaweza kuulizwa na watu wao.

Wala kuupokea mpaka hakukumaliza maswali yote. Mkataba ule ule wa 1890 uliupitisha mstari katika ukingo wa Ziwa Nyasa, na Malawi imeushika hivyo. Tanzania, tangu barua yake ya mwaka 1967, imesema kuwa mpaka wa haki hupita katikati ya ziwa, ikitaja hati za wakati wa udhamini na desturi ya mataifa. Hivyo kila upande unaitegemea sheria, na kila upande una karatasi zake. Mwanafunzi asishangae. Sheria haiondoi mabishano. Huyapa njia ya kuendeshwa bila kumwaga damu. Katika Mto Songwe wenyewe, ambao hubadili njia yake wakati wa mafuriko na kuutia mpaka shaka, nchi hizo mbili zilichagua kushirikiana, na mwaka 2017 zilitia saini makubaliano ya kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo.

Ndani ya mpaka, kila dola ilijenga nyumba yake kwa namna yake. Mwaka 1963 Tanganyika iliondoa mamlaka ya kiserikali ya machifu, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya mahakama za mahakimu iliyofuta ule mlango wa pili wa haki. Mahakama ya Mwanzo, ambayo lugha yake ni Kiswahili, iliunganishwa na Mahakama ya Wilaya, na hiyo na Mahakama Kuu. Na tangu mwaka 1979 iko Mahakama ya Rufani. Mila haikufutwa. Hutumika katika mambo kama ndoa na mirathi pale sheria inaporuhusu, nayo hupimwa na Katiba. Zambia ilifuata njia nyingine: Katiba yake inautambua uchifu, na ina Baraza la Machifu. Basi ndugu wawili wa ukoo mmoja, mmoja wa Tunduma na mmoja wa Nakonde, wanaweza kumheshimu chifu yule yule katika matambiko, lakini mmoja anaishi katika dola inayomtambua chifu huyo katika Katiba yake, na mwingine katika dola ambamo chifu ana heshima ya mila bila mamlaka ya serikali. Hapo tofauti ya heshima na mamlaka huonekana wazi.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 yaeleza katika ibara ya 4 mgawanyo wa mamlaka ya kutekeleza, ya kutunga sheria na ya kutoa haki. Ibara ya 107A yasema kuwa Mahakama ndiyo yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki. Ibara ya 138 yakataza kutozwa kodi yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliotiwa nguvu na sheria ya namna hiyo. Ukiyasoma maneno hayo mbele ya ofisi ya forodha ya Tunduma, utaona kuwa hoja ya walimu wa Mwenzo imepata makao. Ofisa anayemtoza mfanyabiashara ushuru hana uwezo wake mwenyewe. Ana uwezo wa sheria, na akizidisha shilingi moja juu ya sheria, kwa shilingi hiyo amerudi kuwa mtu wa kawaida aliyechukua mali ya mwenziwe.

Ibara ya 2 ya Katiba hiyo yampa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya, kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria. Kwa uwezo huo, mwaka 2016 Mkoa wa Songwe uliundwa kutoka Mkoa wa Mbeya, wenye wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, na makao makuu yake Vwawa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 1.3. Kalamu ya mwaka 1890 na kalamu ya mwaka 2016 zilifanya tendo linalofanana, yaani kuchora mstari juu ya ardhi ya watu wale wale. Lakini ya kwanza haikuwa na mkubwa juu yake ila nguvu ya kalamu iliyokuwa ikishindana nayo. Ya pili ilishikwa na mtu ambaye uwezo wake umeandikwa, utaratibu wake umewekwa na chombo kingine, na kiti chake kinasubiri kura. Utawala wa sheria maana yake ni hiyo.

Tarehe 5 Oktoba 2019 Marais John Magufuli na Edgar Lungu walikizindua kituo cha pamoja cha huduma katika mpaka wa Tunduma na Nakonde. Kwa utaratibu wa vituo hivyo, msafiri hukamilisha mambo ya kutoka na ya kuingia mahali pamoja, katika nchi anayoingia. Kwa hiyo ofisa wa Tanzania hufanya kazi katika ardhi ya Zambia, na wa Zambia katika ardhi ya Tanzania, kila mmoja akitumia sheria za kwao. Wenye kuamini kuwa mamlaka ya dola ni ukuta wangeliona jambo hilo kuwa kinyume. Dola huru huweza kukubali, kwa hiari yake na kwa kiasi ilichokipima, sheria ya mwenziwe itumike ndani ya eneo lake. Na kukubali huko ni alama ya uhuru, maana asiye huru hana cha kukubali wala cha kukataa.

Imebaki kusema kuwa maandiko ya Katiba hayajilindi yenyewe. Sheria isiyojulikana ni karibu sawa na sheria isiyokuwapo, na kwa miaka mingi hukumu za mahakama za juu na sheria nyingi za Tanzania ziliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wa wanaofungwa nazo hawaisomi. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, pamoja na nafasi ya kutumia Kiingereza panapohitajika. Kazi ya kuzitafsiri sheria na kuwafunza watu istilahi zake ni kubwa, na sehemu yake inawangoja wanafunzi wa leo. Mchuuzi wa Tunduma anayeambiwa na mtu mwenye sare kuwa lazima atoe fedha, anahitaji kuweza kuuliza kwa lugha yake swali moja: ni kwa sheria gani? Siku ambayo kila mpita njia katika mpaka ule ataweza kuuliza hivyo bila hofu, na kila ofisa ataona ni wajibu wake kujibu, ndipo mstari uliochorwa Berlin bila ya wenyeji utakuwa umepata wenyewe.